Walimu, vifaa vya kufundishia vya bure mtandaoni mnavipata wapi? Bando linaisha kabla ya somo

ChakiYaBuluu (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Nipo shule ya kata huku kusini, nafundisha Fizikia na Hisabati, na tangu mwenzetu wa Baiolojia ahame, yake nayo nimeirithi bila kuandikiana. Maabara tunayo kwa jina. Mwezi uliopita tuliletewa projekta moja, nami nina kompyuta mpakato yenye betri ya kubembeleza, nikajiambia mambo yamenyooka. Nikaingia kutafuta video za umeme. GB 2 zikayeyuka jioni moja, nilichoambulia ni jamaa anayeongea kama dalali wa mnadani, tena kwa mtaala usio wetu. Shuleni mtandao unashika ukisimama chini ya mwembe tu.

Naomba vya bure kweli, si vile vya kuonja siku saba halafu ulipie. Masomo yote, maana wenzangu wa ofisini nao wameshanituma.

MzeeWaGrafu
Ticha, umeanzia mkiani. Kabla ya video, ingia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, ushushe taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zipo kwa kila somo. Zinakuonyesha swali kwa swali watoto walikwama wapi na kwa nini, pamoja na majibu yao kwa mwandiko wao wenyewe. Nilipoisoma ya Hisabati mara ya kwanza niliona aibu, maana makosa yale nayajua, nayasahihisha kila wiki bila kujiuliza yanatoka wapi. Chagua mada tatu zinazoua darasa lako, utafute kifaa cha hizo tatu tu. Ukitaka vya masomo yote kwa mpigo utajaza diski na hutafungua hata kimoja.

Vitabu vya kiada viko Maktaba Mtandao ya TIE, Taasisi ya Elimu Tanzania. Notsi za sekondari zipo Shule Direct, zimeandikwa kwa mtaala wetu, hutapotea.

FundiSakiti
Kwa umeme usihangaike na video. Nenda PhET, tovuti ya majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Aliyeianzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya Fizikia. Ile ya sakiti ni faili moja dogo: unalishusha mara moja, unalifungua kwa kivinjari bila intaneti. Mtoto anaunganisha betri, waya na balbu, anaona elektroni zinatembea. Akipiga shoti, betri inawaka moto kwenye skrini na darasa zima linapiga kelele. Siku hiyo hawasahau.

Nyingi zina toleo la Kiswahili. Mimi hufungua la Kiswahili kwanza wabishane kwa raha zao, halafu la Kiingereza, maana mtihani ndio huo. Ila usiache balbu ya tochi na betri za redio. Waya lazima waushike.

ngumu_kumeza
Vifaa alete mwajiri. Wewe unanunua bando kwa mshahara wako halafu unaita ubunifu. Ndiyo maana hatuletewi.

ChakiYaBuluu
Mkuu, hoja yako naiheshimu na kwenye kikao nitaisema. Ila Jumatatu nina mikondo miwili, watoto themanini na ushei. Hao hawasubiri kikao.

MadamWaLaTatu
Sisi wa msingi msitusahau jamani. African Storybook ina hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika. Unashusha na kuchapisha bila kuomba ruhusa mtu, hata kuibadilisha unaruhusiwa. Mimi nilichukua ya Kiswahili, nikaomba bibi mmoja wa jirani aniambie maneno yale kwa lugha ya hapa kijijini, tukapata toleo letu. Watoto waliokuwa kimya tangu Januari wakaanza kunisahihisha matamshi! Kwa Hisabati na sayansi nawawekea Ubongo Kids, imetengenezwa hapa hapa Tanzania. Na mwalimu mwenyewe akitaka mbinu, TESSA ina maandalio ya shule za msingi kwa Kiswahili.

Mwalimu_Kitui
Salamu kutoka Kenya. Shida yako si vifaa, ni mtandao. Tafuta programu ya Kolibri. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unashusha masomo mahali penye mtandao mzuri, mazoezi ya Khan Academy yakiwemo, halafu shuleni kompyuta hiyo inawagawia wengine kwa ruta ya kawaida bila intaneti hata kidogo. Mwenzako akishakuwa nayo, unanakili kwake kwa flashi. Ongeza Kiwix, ubebe Wikipedia nzima ya Kiswahili mfukoni.

ChakiYaBuluu
Mwalimu, huku mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, na kompyuta ni hii yangu moja.

Mwalimu_Kitui
Basi iwe ya projekta na ya walimu ofisini. Kila mwalimu afungue kwa simu yake akiandaa somo. Sisi tulianza hivyo.

BintiRamani
Watu wa sanaa tunaachiwa makombo kama kawaida. Kwa Historia na Jiografia, mkusanyo wa mtandaoni wa David Rumsey una ramani za kale za Afrika, unakuza mpaka unasoma majina ya vijiji. Waonyeshe ramani ya bara letu kabla na baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, kisha waulize mistari ile iliyonyooka aliichora nani. Unakaa pembeni.

MzeeWaGrafu
Ticha, ukipata muda, GeoGebra kwa grafu. Ninavyojiita humu si bure.

ChakiYaBuluu
Mrejesho. Jumamosi nilipanda lori hadi mjini kwa shemeji mwenye mtandao wa maana. Nimeshusha sakiti kwa lugha zote mbili, taarifa ya NECTA ya Fizikia, na hadithi kumi na mbili za shule ya msingi ya jirani, kwani mwalimu mkuu wao kaniahidi jenereta siku umeme ukikatika. Kolibri ilifika katikati shemeji akazima ruta akalale.

Leo mkondo A wamechoma betri mara tisa. Mkondo B wameshasikia habari, wananisubiri kesho saa mbili. FundiSakiti, nielekeze: nikiunganisha balbu sambamba kwenye ile sakiti, ile ya pili haing'ai. Nimekosea wapi?

FundiSakiti
Kuza picha uangalie swichi, huenda umeiacha wazi. Na mimi ilinichukua siku nzima.