Pumu imetulia kwa sindano, nataka kurudi Tanga. Niache dawa?

MtangaUghaibuni:
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 41, naishi Leicester, Uingereza. Pumu ilinianza ukubwani, na kwa miaka mingi nimeishi kwa prednisoloni, vile vidonge vya steroidi: hali ya hewa ikibadilika tu nabanwa, nameza kozi, uso unavimba, sukari inapanda. Kliniki ya pumu kali wakapima damu, eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zikaonekana ziko juu, wakanianzishia sindano ya mepolizumabu. Miligramu 100 kila wiki nne, najichoma mwenyewe nyumbani.

Sasa huu mwaka wa tatu sijabanwa wala kugusa prednisoloni, na kipimo cha kupuliza kimekaa vizuri. Daktari kaniambia kwa vigezo vyao niko kwenye remisheni, yaani ugonjwa umetulia. Nikampigia mama, akaita watu wakasoma dua ya shukrani. Kwake yeye nimepona, yameisha.

Nataka kurudi nyumbani moja kwa moja, na bei ya sindano hii ukinunua mwenyewe haishikiki. Nafikiria niache sasa nikiwa bado huku, nione itakuwaje. Au niache inhela kwanza, nibaki na sindano?

Chumbageni:
Hongera sana kaka. Ukifika tumia habasoda na asali, hayo madawa ya wazungu yanakufanya mtumwa.

BintiMaabara:
Chumbageni, habasoda haina ugomvi na mtu, lakini haishushi eosinofili za mgonjwa wa pumu kali. Tusimuue ndugu yetu.

Mkuu, remisheni uliyoambiwa ina masharti: mwaka mzima au zaidi bila dalili za maana, bila steroidi za kumeza, mapafu yametulia, na wewe na daktari mnakubaliana hivyo. Umeipata ukiwa BADO unatumia dawa. Mepolizumabu inaikamata interleukini-5, protini ya mwili ambayo ndiyo inayozikuza eosinofili na kuzipa uhai. Ukiitoa, uboho unarudi kuzizalisha kama zamani.

Hili limejaribiwa. Kuna utafiti unaitwa COMET, ulitoka 2022: watu waliokuwa wametumia mepolizumabu miaka mitatu au zaidi, wengine wakaendelea, wengine wakabadilishiwa sindano isiyo na dawa bila kujua. Walioachishwa eosinofili zilipanda na walibanwa mapema zaidi kuliko wenzao. Kwa omalizumabu, sindano nyingine ya pumu ambayo njia yake ni tofauti, walioendelea asilimia 67 walimaliza mwaka bila kubanwa, walioachishwa kama 48. Kwa hiyo wapo wanaoacha na wasibanwe mwaka ule, ila huwezi kujua mapema kama wewe ni mmoja wao.

Na usiichukulie poa hali uliyofikia. Kwenye rejesta ya pumu kali ya huko huko Uingereza, waliofika remisheni kwa dawa hizi walikuwa asilimia 18 tu. Wengi wanapata nafuu, wachache wanatulia kabisa.

MtangaUghaibuni:
Asilimia 18? Daktari hakuniambia hilo. Sasa inhela je?

NesiMstaafu:
Mwanangu, utaratibu ni huu: cha kwanza kupunguzwa ni prednisoloni, tena polepole chini ya daktari, kwa sababu ukiikata ghafla tezi za adrenali zinaweza kushindwa kazi. Wewe hilo umeshavuka. Inhela inafuata, kwa hatua. Walijaribu kwa watu wa benralizumabu, sindano inayofanana na yako, zaidi ya tisa katika kumi walipunguza dozi ya inhela, na wengi hawakubanwa. Lakini walioacha kabisa ile ya kila siku, nguvu ya mapafu ilishuka. Kwa hiyo punguza na kliniki, usifike sifuri. Sindano ndiyo ya mwisho kuguswa.

Kama kuna kujaribu kuiacha, ifanyike ukiwa bado karibu na kliniki yako, wakikupima, si baada ya kushuka ndege. Ondoka na barua yenye kiwango cha eosinofili cha KABLA hujaanza sindano, maana cha sasa kitamdanganya daktari wa huku. Ongea na bingwa wa kifua Muhimbili kabla hujakata tiketi. Ukija na sindano, zinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu unaujua.

Jambo jingine watu wanalisahau: minyoo na kichocho. Eosinofili ni askari wa kupambana na minyoo na wewe umezishusha. Ukikaa huku, pima.

MtangaUghaibuni:
Asante mama. Mama mzazi nimwambieje sasa, na dua imeshasomwa?

NesiMstaafu:
Mwambie imelala, haijahama. Dua haijaharibika.

Kisauni_Dada:
Samahani kwa kudandia uzi. Dada yangu Mombasa anameza prednisoloni karibu kila mwezi, hajawahi kupimwa hizo eosinofili. Aanzie wapi?

BintiMaabara:
Picha kamili ya damu, ile ya kawaida, eosinofili zimo humo. Akapime pumu ikimwanza tu, kabla hajameza, maana prednisoloni inazishusha. Kama anameza kila siku asiikatishe kwa ajili ya kipimo. Na apime choo pia, zikiwa juu huenda ni minyoo. Halafu mtu amwangalie anavyovuta inhela yake. Wengi wanapulizia ulimi.