H4350 na IMR 4350 ni baruti moja ama ni mbili?

shabaha_rongai
Wasee wa shabaha habari zenu. Naulizia shemeji yangu anaishi Texas, huko yeye hujazia risasi zake mwenyewe kwa gareji, bunduki yake ni ya risasi aina ya 6.5 Creedmoor na siku zote ametumia H4350, baruti ya kampuni ya Hodgdon ya huko Marekani. Sasa hiyo imeadimika, mwenye duka akamwambia si achukue tu IMR 4350, eti namba ni ile ile na kampuni inayouza ni ile ile, aendelee na kipimo chake cha kawaida. Amenitumia picha kwa WhatsApp, amemwaga kidogo kidogo kwa sahani nyeupe, zote ni vijiti vidogo vya kijivu ila za IMR ni ndefu kuliko zile zingine. Jumamosi anataka kwenda renji. Nimwambie nini?

mzee_wa_mizani
Mwambie asijaze hata moja kwa kipimo cha zamani. Kamau wawili kwa ploti moja si mtu mmoja, na hizi namba ni hivyo hivyo. Zile namba zilianza na DuPont, kampuni ya Marekani, IMR lilikuwa jina la baruti zao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Bruce Hodgdon akaanza kuuza baruti za jeshi zilizobaki, baadaye akatengenezewa zake akaendelea na namba zilezile ila akaweka H mbele. Mwaka 2003 Hodgdon ikanunua IMR, ndio maana leo unaona mikebe yote ina muuzaji mmoja, lakini mapishi hayakuunganishwa. H4350 inatoka Mulwala kule Australia, IMR inatengenezwa Kanada. Na kuna 4350 ya tatu, ya Accurate, hiyo nayo iko na data yake peke yake, yaani jedwali la vipimo vya kujaza.

Mfano mbaya zaidi ni namba nyingine, 4831, nayo iko ya H na ya IMR. IMR 4831 inaungua haraka kuliko H4831 na tofauti si ya kubahatisha, mtu akichukua kipimo cha juu cha H akijaze na IMR presha inapita mahali bunduki iliundwa kuvumilia, na hiyo bolti, chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu, iko sentimita chache kutoka kwa jicho lake. Huyo mwenye duka alifaa kujua haya, nimekasirika kusoma hiyo maneno.

eastlando_9
Mzee heshima yako, lakini nimeangalia zile chati za kasi ya kuungua na hizo 4350 mbili zinafuatana karibu kabisa. Si akipunguza kidogo iko sawa?

mzee_wa_mizani
Kijana wangu, chati inakuonyesha nani yuko mbele ya nani, haikuambii wameachana kwa umbali gani, na ukibadilisha ganda la risasi ama uzito wa kichwa cha risasi hata huo mpangilio unaweza kugeuka. Chati ni ya kukusaidia kuchagua baruti dukani, si ya kupimia. "Kupunguza kidogo" ni kidogo gani? Afungue data ya Hodgdon yenyewe, atafute IMR 4350, kichwa cha uzito ule ule anaotumia, aanze na kipimo cha chini kilichoandikwa halafu apande pole pole. Kwa Creedmoor kikomo cha presha huko Marekani ni paundi 62,000 kwa inchi mraba na mtu hana mashine ya kupima hiyo nyumbani. Bolti ikianza kuwa ngumu kufungua ama praima, kile kiwashio kwa kitako cha risasi, ikilala bapa, jua ameshachelewa, hizo dalili hazikuji mapema.

Na cha kuchanganya watu zaidi ni kwamba kuna baruti za majina tofauti kabisa na ni kitu kimoja, Winchester 760 na H414 kwa mfano. Kwa hivyo jina haliwezi kukuamulia, si upande huu si ule. Fuata data ya jina lililoandikwa kwa mkebe ulio mkononi mwako.

dada_wa_mtutu
Naongeza mbili tatu. Shemeji yako ako Texas na hapo Agosti joto linapita 38, si kama baridi yetu ya Julai hapa Nairobi. H4350 iko kwa zile Hodgdon wanaita Extreme, zimetengenezwa kusudi kasi isibadilike sana jua likiwaka ama baridi ikishika, na hiyo ndio sababu kubwa watu wa Creedmoor wanaing'ang'ania. IMR 4350 ya kawaida inasikia joto zaidi, kwa hivyo kipimo alichotengeneza Januari kikawa sawa karibu na kikomo, Agosti kinaweza kumletea shida. Asiache risasi kwa dashibodi ya gari pia.

Halafu vile vijiti virefu ulivyoona kwa picha havishuki vizuri kwa kile chombo cha kumwagia, vinakwama, vinakatika, moja inatoka nyingi nyingine inatoka chache. Kila risasi apime kwa mizani.

shabaha_rongai
Asanteni sana, nimemtumia yote na amekubali kuacha ya Jumamosi. Sasa anauliza, iko na H4350 imebaki chini ya mkebe, anaweza kuichanganya na hii mpya ndio isiharibike?

mzee_wa_mizani
Hapana, hapana kabisa. Baruti mbili tofauti hazichanganywi, hakuna kitabu chenye data ya huo mchanganyiko. Na asiihamishe kwa mkebe mwingine, ikae kwa mkebe wake wenye jina na namba ya loti. Akifungua asikie harufu kali ya asidi ama aone unga mwekundu kama kutu, hiyo imeoza, asiitumie.

Na wewe wa Rongai na wengine mnaosoma, hii yote ni ya huko kwake. Hapa kwetu kuna Sheria ya Silaha na Sheria ya Vilipuzi, baruti na risasi hazishikwi bila leseni. Nunua zilizojazwa tayari kwa muuzaji aliyesajiliwa.