Wakuu, pitcha wetu ananitoa roho. Niache kuangalia besiboli?

Mkwezi wa Pangani: Habari za Jumamosi wakuu. Niko Philadelphia mwaka wa sita sasa. Najua wengi humu besiboli hamfuatilii, nivumilieni: pitcha ni mtupa mpira, ining ni zamu za mchezo, ziko tisa. Timu yetu Phillies ipo nusu fainali ya 2023 na Arizona. Mechi mbili za kwanza tulishinda nyumbani, ya pili 10-0, nikajua kazi imekwisha. Tukaenda kwao. Alhamisi 1-1, ining ya tisa, analetwa pitcha wetu wa kufunga mechi, yaani wa kumalizia, tukalala 2-1. Jana tunaongoza 5-3, ining ya nane, analetwa huyohuyo! Akiinama kabla ya kutupa, mkono wa kulia unaning'inia pembeni kama bawa la kuku aliyenyeshewa, tumbo langu linakata. Niache kuangalia au kuna dawa? Matusi sitaki.

Fundi Saa: Mkuu, besiboli si rede ya watu wazima tu? Jana hiyohiyo Simba anaongoza 2-1 Kwa Mkapa, hatujakaa vizuri Al Ahly wamerudisha. Sisi tumwombe nani ushauri?

Shemeji Houston: Huyo ni Craig Kimbrel, tumpe heshima yake. Mwaka huu amefikisha mechi 400 alizomalizia timu yake ikiongoza mpaka mwisho, waliofika huko wanahesabika. 2018 akiwa Boston alikuwa hivihivi kwenye mtoano, akiingia tu bezi, vile vituo vya kukimbilia, zinajaa wapinzani. Ikaja kujulikana kumbe mkao wake ulikuwa unawaonyesha wapigaji mpira gani unakuja. Kombe wakabeba, lakini mechi ya mwisho kocha alimpa pitcha mwingine, Chris Sale, aimalizie. Swali moja: jana iliishaje? Mbona umekatia njiani?

Mkwezi wa Pangani: Sikuona mwisho. Nilizima TV.

Mama Pili: Unazima vipi mechi ya timu yako inaongoza? Kuna kitu hujasema baba.

Mkwezi wa Pangani: Haya. Kazi yangu ni kulea wazee majumbani. Ninayemlea ana miaka 84, moyo mbovu, daktari kasema asishtuliwe. Phillies ndiyo pumzi yake. 1993 Joe Carter alipoupiga nje mpira wa Mitch Williams, pitcha wetu wa kumalizia wakati huo, kule Toronto na kombe likaenda, mzee alitoka usiku uleule kukata majani kwa mashine mpaka majirani wakaita polisi. Jana alipomwona pitcha anaingia akanishika mkono, "Yule wa 1993 amerudi." Nikazima. Nikamwambia tumeshinda, tulale. Akalala kama mtoto. Jikoni nikasoma kwenye simu: mpigaji wa akiba kaupeleka mpira jukwaani, 5-5, kisha 6-5 kwao.

Abuu Twaha: Kwa hiyo ushauri unaotaka ni wa uongo, si wa mchezo. Kumdanganya mzee wa watu ni dhambi, na kazi utapoteza.

Mkwezi wa Pangani: Akianguka utakuja kumzika wewe? Nimefanya kwa nia njema.

Mama Pili: Nia njema naijua. Bibi yetu tulimficha kifo cha kaka yake wa Korogwe miezi minne, kila akiuliza, "Kaka anakusalimu." Idi ilipokaribia akanunua kanzu, akasema mpelekeeni. Tukaipokea. Kanzu hiyo ipo kabatini kwangu mpaka leo, sijui nimpe nani.

Kisu Butu: Hii ni CHAI, na sukari mmezidisha. Mzee shabiki damu asijue matokeo mpaka saa hizi? TV itaandika ushindi ni 2-2 mechi nzima, watangazaji watasema. Gazeti je?

Mkwezi wa Pangani: Ana mtoto wa jicho, watu anawaona ila namba hazisomi. Sauti nimemwambia imeharibika. Kwenye gazeti nimemenyea viazi. Binti yake hupiga simu Jumatatu. Nimeshapanga vyote.

Kisu Butu: Mpaka viazi! Andika tamthilia mkuu, unaweza.

Shemeji Houston: Tuseme si chai. Mzee anajua tunaongoza kwa mechi 3-1, sivyo? Anayetangulia kushinda nne anaingia fainali. Leo mkishinda je?

Mkwezi wa Pangani: Mungu wangu.

Fundi Saa: Hahahaaa! Jamaa sasa anaomba timu yake ifungwe. Rede hii nimeipenda.

Abuu Twaha: Niliwaambia.

Mama Pili: Jumapili hii, mleta uzi yuko wapi? Mrejesho.

Mkwezi wa Pangani: Tumeshinda 6-1. Zack Wheeler katupa ining saba, roho kwatu. Mzee kasimama bila fimbo, analia, kanikumbatia. Kwenye TV wachezaji wanapeana mikono na kuingia zao ndani. Mzee kakodoa, kodoa. Akaniuliza mbona hawamwagiani shampeni.

Mama Pili: Ukamjibu nini?

Mkwezi wa Pangani: Kwamba wanasubiri wafike nyumbani.

Shemeji Houston: Kesho Jumatatu wanacheza nyumbani mkuu. Na binti anapiga simu.

Kisu Butu: Chai. Ila kesho nipo hapa mapema.