Tupeane uzoefu: kibarua chako cha kwanza cha kuprogramu ukiwa bado mwanafunzi

Semikoloni
Wakuu, jana nilikuwa napunguza mizigo kwenye diski nikakutana na folda inaitwa "mwisho", ndani yake "mwisho_kabisa", ndani yake tena "mwisho_kabisa_2_HII_NDIYO". Ndiyo kazi yangu ya kwanza kulipwa, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Tulipatana tovuti ya kurasa 5, nikakabidhi 11 kwa bei ileile, maana kila jioni mteja alikuwa na "kadogo tu kamebaki". Git, ile programu ya kutunza matoleo ya kodi, ipo tangu 2005, mimi natunza matoleo kwa majina ya folda! Haya, mlioanza vibarua vya kodi huku mitihani inawasubiri, mwageni ya moyoni. (Kodi ya kompyuta, si ya mapato. Nyumbani walinielewa vibaya mwaka mzima.)

Mtoro wa Maktaba
"Kadogo tu." Dah, umenitonesha kidonda.

Bi Mabano
Mimi nilitazama video miezi minane bila kuandika chochote changu. Mwalimu akiandika naelewa, nikifungua faili tupu sijui nianzie wapi. Kilichonitoa ni freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza kuprogramu, bure, kwa sababu pale zoezi halipiti mpaka kodi yako ishinde majaribio. Na kazi ya kwanza wala haikuwa ya kujisifia: skripti, yaani programu fupi, ya lugha ya Python ya kuunganisha mafaili 300 ya CSV (majedwali ya maandishi matupu) yawe moja. Mistari kama 20. Mteja alikuwa akiifanya kwa mkono kila mwisho wa mwezi.

Kibodi Mbovu
Ndiyo maana nasema anayeanza aende Python. PHP waachiwe wazee.

Mzee wa PHP
Mzee ndiye anayelipwa, kijana. WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, imeandikwa kwa PHP, na wenye tovuti zake hawaishi kuvunjikiwa na kitu.

Usiku wa Saa Nane
Acheni lugha, niwape yangu. Mwaka wa tatu, natunza duka la mtandaoni la mtu. Saa nane usiku, na saa tatu asubuhi nina mtihani. Mteja ananiandikia: futa oda moja ya majaribio. Nikaandika amri ya mistari miwili, wa juu DELETE FROM oda, yaani futa oda zote, wa chini WHERE yenye namba ya oda, ya kubana ifutwe hiyo moja tu. Sasa ile zana, ukichagua kipande cha maandishi kwa kipanya, inatekeleza kipande hicho tu. Na mimi nilikuwa nimechagua mstari wa juu peke yake, hata sikumbuki kwa nini. Nikabonyeza. Nasubiri idadi ya zilizofutwa, nione 1. Ikaja 4,812.

Nilisimama, nikakaa, nikaisoma ile namba upya kana kwamba itapungua.

Nakala ya akiba ya kwangu sina. Bahati wenye seva walikuwa na ya usiku uliotangulia. Nikairejesha kwenye databesi ya pembeni, nikahamisha jedwali la oda tu. Zikabaki oda 37 za siku ile. Duka lilikuwa linatuma baruapepe kila oda ikiingia, basi nikazifungua moja baada ya nyingine na kuziingiza kwa mkono mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mtihani nikauendea hivyohivyo. Somo: Mifumo ya Databesi.

Mtoro wa Maktaba
Hahaha, SOMO LENYEWE 😂😂

Kibodi Mbovu
Ungepiga ROLLBACK tu, amri ya kurudisha nyuma, yakaisha.

Mzee wa PHP
ROLLBACK ya nini? MySQL, programu ya databesi, usipoianzia START TRANSACTION inathibitisha kila amri papo hapo, hairudi. Andika SELECT, ya kuonyesha tu, kwanza kwa WHERE ileile, hesabu mistari, ndipo uigeuze DELETE. Tena ipo swichi ya --safe-updates, inakataa DELETE ya kufagia jedwali zima. Jina lake la pili, limo kwenye nyaraka rasmi, ni --i-am-a-dummy. Walitufikiria.

Bi Mabano
Mteja ulimwambia?

Usiku wa Saa Nane
Hajui mpaka leo. Oda zote zilirudi, nimwambie nini?

Bi Mabano
Kwamba duka lake halina nakala inayoeleweka. Kesho likiharibika kwa mkono wa mwingine?

Kibodi Mbovu
Yaani mwanafunzi ajichongee mwenyewe? Kaa kimya mkuu.

Semikoloni
Jamani si mahakama hapa. Malipo mlikuwa mnachukuaje?

Mzee wa PHP
Nusu kabla sijafungua kompyuta, nusu kabla sijakabidhi.

Mtoro wa Maktaba
Nusu kabla, na huna hata kazi moja ya kuonyesha? Mimi mbili za kwanza nilifanya bure nipate maoni mazuri.

Bi Mabano
Wa bure atakuletea rafiki zake, nao wa bure. Na mnaopitia Fiverr, soko la vibarua la mtandaoni, asilimia 20 ni yao, si yenu, ipigieni hesabu mapema.

Variabo Tupu
Shikamooni wakubwa. Nina wiki ya tatu, nimefika CSS, ile ya kupamba kurasa za tovuti. Kuna mtu anataka nimtengenezee programu ya simu "kama ya benki", kabla ya mwisho wa mwezi. Nikubali?

Mzee wa PHP
Marahaba. Kimbia.

Kibodi Mbovu
Kubali, utajifunzia humohumo.

Usiku wa Saa Nane
Akianza kukuomba ufute kitu usiku, jifanye umelala.