Mjadala: Mtu wa Dar anaweza kula mimea tu na asidhoofike?

BintiTabata
Habari zenu wote. Naomba tujadili kwa heshima maana jambo hili linanikosesha raha nyumbani.

Tangu mwezi wa pili nimeacha nyama, samaki, mayai, maziwa, hata samli. Wenyewe wanaita uvigani. Siyo dini na siyo mambo ya kupunguza unene. Nilikuwa kwenye daladala pale Buguruni, foleni imekwama, pembeni yangu bodaboda amebeba kuku wamefungwa miguu, vichwa chini. Niliwahesabu, kumi na mmoja. Kila pikipiki ikitikisika kuna mmoja alikuwa anainua shingo, anaishusha, anainua tena. Nimefika nyumbani sikuweza kula, na sijarudi nyuma.

Sasa mama mkwe akija anauliza, "Leo mboga gani?" Namwambia kunde. Anatulia kidogo, anauliza tena, "Na mboga?" Anaamini nitaishiwa damu. Ninachokula ni hiki: asubuhi uji wa ulezi na karanga, mchana wali maharage kwa mama ntilie, jioni ugali na mchicha wa nazi au kisamvu. Chai ya rangi mara tatu kwa siku.

Maswali yangu: kwa vyakula vya soko la Ilala na Tandika, bila vitu vya supamaketi, mtu anaweza kuishi hivi akawa na afya? Na kwa nchi kama yetu, hili ni jambo la kuhimiza watu au liachwe kwa mtu na moyo wake?

MchinjaVingunguti
Dada, umeanza na kuku ili sisi wauza nyama tuonekane hatuna roho. Nipo kwenye kazi hii miaka kumi na tisa, nimesomesha watoto watatu kwa kisu hiki hiki. Mnyama anachinjwa kwa jina la Mungu na kwa kisu kikali. Ukihimiza nchi iache nyama, yule mfugaji anayeleta ng'ombe mnada wa Pugu atakula mchicha wako? Wamasai wanakunywa maziwa na kula nyama toka enzi na enzi, umeona wamedhoofika?

BintiTabata
Kaka yangu, sijasema wauza nyama hawana roho. Nimesema nilichokiona Buguruni. Wewe mwenyewe ungewabeba hivyo?

MchinjaVingunguti
Nisingewabeba hivyo. Ila umeandika ukijua tutajisikiaje.

BondiaManzese
Mimi ni mtu wa mazoezi, nauliza kitu kimoja: protini. Mchicha hauwezi kujenga msuli. Mkitaka kukonda kama fito endeleeni.

NesiMstaafu
Hamjambo wanangu. Nimefanya kazi wodini na kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, acheni niseme kabla hamjapotea.

Bondia, protini siyo tatizo kubwa kama unavyodhani. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mwenye kilo 60 ni gramu 48 kwa siku. Maharage makavu gramu 100 yana protini kama gramu 21, karanga gramu 100 kama 25. Yai moja lina kama 6. Mahindi peke yake yana upungufu wa kiini kimoja cha protini kinaitwa laisini, na mikunde imejaa hicho hicho, ndiyo maana ugali na maharage vinabebana vizuri. Wewe unayepiga gunia ongeza kiasi. Maharage, choroko, mbaazi, dengu, kunde, soya, vyote vipo Kariakoo kwa magunia.

Binti, hatari yako ipo kwenye vitamini B12. Hiyo inatengenezwa na bakteria, sisi tunaipata kwenye nyama, ini, samaki, mayai na maziwa. Mchicha hauna. Mtu mzima anahitaji kidogo sana, maikrogramu 2.4 kwa siku, lakini kidogo hicho ni lazima. Ini linaweka akiba, kwa hiyo unaweza kukaa hata miaka miwili, mitatu, ukajiona mzima. Halafu vidole vinaanza ganzi, miguu inachoma, unasahau sahau, unachoka. Na sikiliza hili: mboga za majani zina foleti nyingi, hiyo ni vitamini nyingine ya kundi la B, na foleti inaweza kufanya damu ionekane nzuri huku neva, yaani mishipa ya fahamu, zinaendelea kuharibika. Ukipima wingi wa damu ukaambiwa umejaa, usiseme umepona.

Chama cha vigani cha Uingereza, kile kilichoanzishwa 1944, wenyewe wanawaambia watu wao wameze maikrogramu 10 kila siku au 2000 mara moja kwa wiki. Wao wenyewe, siyo maadui zao. Ukienda duka la dawa soma karatasi, maana B kompleksi nyingine hazina B12 kabisa.

MamaMbeya
Nesi kasema vizuri ila mimi naona tatizo la hapa Dar ni jingine. Watu wa Dar hamjui kupika maharage. Mnatia magadi ili yaive haraka, yakiiva juu juu mnayazamisha kwenye tui la nazi ili ladha ijifiche. Ndiyo maana mtu akila siku mbili analalamika tumbo, anarudi kwenye nyama. Njooni Mbeya muone maharage.

MpwaniHalisi
Hapo umevuka mpaka. Maharage ya nazi ni chakula cha wazee wetu. Nyie wa bara mnachemsha maharage na chumvi, mnaita mboga. Bibi yangu Kilwa ameishi miaka tisini na ushee kwa nazi, mihogo na kisamvu.

MamaMbeya
Na samaki je? Bibi wa Kilwa hakula samaki?

MpwaniHalisi
Alikula samaki. Hoja ni nazi, usinihamishe.

NesiMstaafu
Kwenye magadi Mama Mbeya ana haki. Magadi yanaua vitamini B1 ndani ya maharage na yanaongeza sodiamu, mwenye presha ajihadhari. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya. Yanaiva mapema, mkaa unapungua, gesi tumboni inapungua, na ile fitati inayozuia madini yasifyonzwe inapungua pia. Tui lina mafuta mengi, na ni mafuta yale mazito ya kuganda. Kwa aliyekonda linampa nguvu, kwa mwenye tumbo apunguze kikombe.

Lakini nimeandika habari ya B12 na hakuna aliyenijibu.

MpwaniHalisi
Nesi kwa heshima yako, shikamoo, nazi haijamuua mtu.

KijanaWaSinza
Mimi nataka kuuliza kuhusu soya. Kijiweni wanasema mwanaume akila soya sana nguvu zinapungua, kifua kinaota. Kweli au?

BondiaManzese
Kweli kabisa, nilisoma mahali. Soya ina homoni za kike.

NesiMstaafu
Siyo homoni za kike. Ina vitu vya mmea vinavyofanana nazo kidogo kwa umbo. Uchunguzi kwa wanaume wanaokula soya kwa kiasi cha kawaida haujaonyesha homoni yao ya kiume ikishuka. Wachina na Wajapani wanakula vitu vya soya toka enzi na watoto wanazaliwa.

MsabatoTemeke
Wengi wetu kanisani hatuli nyama, tunakula soya na karanga, tuna wajukuu. Bondia acha kutishia watu. Pia nawaona baadhi ya ndugu zetu Wahindi wa Upanga na Kisutu, vizazi na vizazi hawagusi nyama.

MchinjaVingunguti
Wahindi wanakunywa maziwa, mtindi, samli. Usichanganye. Huyu dada kaacha hata maziwa.

NesiMstaafu
Hapo Mchinja kasema neno. Anayeacha nyama tu akabaki na maziwa na mayai ana mlango umebaki wazi. Aliyeacha vyote kaufunga. Hata huko India kwenyewe upungufu wa B12 ni jambo linalojulikana.

MpwaniHalisi
Mwani je? Kule Paje na Jambiani akina mama wanalima mwani, nimesikia una hiyo B12. Ni mmea, unatoka kwetu, tatizo limekwisha.

NesiMstaafu
Mwani una madini ya joto, na mengine mengi mno, usiule ovyo. B12 usiitegemee huko. Kwenye baadhi ya mwani, na ile spirulina inayouzwa kwenye makopo, kinachoonekana kwenye kipimo ni kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili hauwezi kukitumia. Madini ya joto chukua kwenye chumvi yenye madini joto, inatosha.

BintiTabata
Asante mama yangu. Nimekuelewa, kesho napita duka la dawa. Chai je? Na ile habari ya damu anayosema mama mkwe?

NesiMstaafu
Mama mkwe wako hajakosea sana, usimdharau. Madini chuma ya mimea yanafyonzwa kwa shida kuliko ya nyama, na wewe ni mwanamke unayepata siku zako. Chai ya rangi pamoja na chakula inayazuia zaidi. Isogeze, kunywa saa moja au zaidi baada ya kula. Kwenye mchicha na maharage kamulia limau au kula chungwa, embe, pera, hapo hapo mezani. Kisamvu twanga vizuri na uchemshe muda mrefu, kina sumu kikiwa kibichi. Kwa kalsiamu usitegemee mchicha, una kitu kinaikamata isifyonzwe mwilini. Zungusha na sukuma wiki na chainizi. Karanga chagua, yenye ukungu au iliyosinyaa tupa, kuikaanga hakuondoi sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumu hiyo kwenye mahindi.

MamaMbeya
Nyongeza: dona badala ya sembe. Sembe imekobolewa, kiini na pumba vimekwenda kwa kuku.

BondiaManzese
Dona inakaa wiki inaota wadudu.

MamaMbeya
Saga kidogo kidogo, bwana. Mashine zipo kila mtaa.

KijanaWaSinza
Dada Tabata, una mtoto? Yeye anakula nini?

BintiTabata
Ana miaka mitatu. Nyumbani tunakula pamoja. Kwa bibi yake Mbagala anapewa yai na sijamkataza.

MchinjaVingunguti
Hapo ndipo ninapokasirika. Mtu mzima jinyime utakavyo. Mtoto hajahesabu kuku Buguruni. Nimeona kwashakoo kijijini kwetu nikiwa mdogo, mtoto miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, hacheki. Waliokuwa wanakula ugali mtupu na mchicha ndio hao.

BintiTabata
Usinifanye kama nataka kumuua mwanangu. Nimeuliza swali ili nisikosee. Ungekuwa mbele yangu usingesema hivyo.

MchinjaVingunguti
Ningesema. Dada yangu wa kuzaliwa alikuwa mmoja wao.

MsabatoTemeke
Pole sana Mchinja.

BintiTabata
Pole kaka. Sikujua.

NesiMstaafu
Pole sana mwanangu.

Binti, nitakwambia kama ninavyowaambia wangu. Mtoto ana tumbo dogo na anakua kwa kasi. Chakula cha mimea kinajaza tumbo kabla hakijamtosheleza. Wapo wataalamu wa lishe, Wamarekani walitoa msimamo 2016, waliosema mtoto anaweza kulelewa hivyo, ila waliweka sharti: kipangwe vizuri. Kupanga maana yake B12 kila siku bila kukosa, karanga zilizosagwa, mikunde kila mlo, mafuta kwenye uji, na uzito wake kupimwa kliniki kila mara. Kwa mazingira yetu, mimi naona yai la bibi liendelee. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha habari ya B12 inakuwa kubwa zaidi, maana mtoto anategemea yako.

Wanaotaka kuuliza zaidi, Taasisi ya Chakula na Lishe ipo hapa hapa Dar tangu 1973, maofisa lishe wapo pia kwenye halmashauri. Waulizeni, ni kazi yao.

BintiTabata
Nimekubali. Yai libaki. Kidonge nanunua cha wote wawili, kipimo cha mtoto nitauliza kwanza.

MpwaniHalisi
Kwa hiyo nazi tumekubaliana au bado?

MamaMbeya
Kikombe kimoja. Siyo nazi tatu kwenye sufuria la watu wanne.

MpwaniHalisi
Nazi mbili.

MchinjaVingunguti
Nesi, nimerudi kusoma ulichoandika juu. Ganzi, miguu kuchoma. Mama yangu anasema miguu inawaka moto, hasa usiku, anaitoa nje ya shuka. Yeye anakula nyama, namletea mwenyewe ini kila wiki. Ana sukari, anakunywa metformini miaka mingi. Tumeambiwa ni sukari tu.

NesiMstaafu
Inaweza kuwa sukari yenyewe, nayo inaharibu neva. Lakini metformini ikitumika miaka mingi inapunguza kufyonzwa kwa B12, hata kwa mla nyama. Ndiyo maana nilikuwa nalalamika hamnijibu. Haimhusu vigani peke yake. Na wazee wengi tumbo lao linapoteza nguvu ya kuitoa kwenye chakula.

MchinjaVingunguti
Alishawahi kupimwa damu, wakasema ipo sawa.

NesiMstaafu
Hicho ni wingi wa damu. Omba kipimo cha B12 chenyewe. Siyo kila hospitali wanacho, uliza maabara kubwa. Ikikutwa chini inatibika kwa sindano au vidonge, na mapema ni bora, neva zikishachelewa hazirudi zote. Usimwachishe dawa ya sukari hata siku moja, sikia.

BintiTabata
Kaka Mchinja, mimi kesho nakwenda duka la dawa lenye maabara pale jirani yangu Tabata. Nikuulizie kama wanapima?

MchinjaVingunguti
Niulizie dada. Nimempigia sasa hivi, anasema vidole viwili vya mguu wa kulia havijui hata kama kavaa ndala. Nesi, kwenye karatasi niandikeje ili daktari anielewe?

NesiMstaafu
Andika hivi: anatumia metformini tangu mwaka fulani, miguu inachoma usiku, ganzi vidoleni, naomba kipimo cha vitamini B12. Chukua na pakiti ya dawa mkononi.