Fundi umekata bolti ya kontroli amu (ule mkono wa chuma unaoshika tairi), ukaficha, nikaendesha na mtoto ndani wiki tatu. Hii ni nini?

Wakuu ndio narudi home saa hizi, mikono ina grisi na hasira ziko hapa kooni, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika hovyo.

Gari ni Premio, ile ya zamani. Mwezi uliopita ilianza kugonga mbele kushoto, ukipita tuta tu ngo! ngo! Nikapeleka kwa fundi mmoja huku Dar, njia ya Bagamoyo, simtaji jina na gereji siitaji, akaingia chini akatoka akasema bushi, zile raba za kontroli amu, zimekufa pande zote mbili. Haya. Bushi nikanunua mwenyewe, ufundi elfu 60, asubuhi nikaacha gari jioni nikachukua. "Tayari boss, sasa hivi utateleza tu." Na kweli kugonga kuliisha, nikamwongeza na elfu 5 ya soda, mjinga mimi.

Siku ya tatu nikaanza kuona nikikanyaga breki gari inavuta kushoto. Nikampigia, akasema hiyo ni alaimenti tu (kuweka tairi zielekee sawa), ukibadilisha bushi lazima ufanye alaimenti. Hapo hajadanganya, kweli lazima. Nikaenda, elfu 30, wakanipa na karatasi ya rangi ina mishale ya kijani kila tairi. Hawa nao nina neno nao. Alaimenti unaipima vipi wakati mkono wenyewe unaoshika tairi unacheza? Si ungechungulia kwanza chini hata kwa tochi ya simu? Wao walizungusha tairodi (vile vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi) wakachukua hela. Wiki haijaisha gari ikaanza tena kuvuta.

Sasa jana. Nimetoka Boko naelekea mjini, nyuma kakaa mwanangu wa darasa la pili, niko kama 50 hivi kwa saa namshukuru Mungu kulikuwa na foleni foleni, nakaribia Afrikana nikashika breki nikasikia PAAAH halafu usukani ukanitoka mkononi ukazunguka wenyewe. Gari ikajikokota ikasimama upande upande. Nashuka nakuta tairi la kushoto limerudi nyuma mpaka limelalia fenda, limeangalia njia nyingine kabisa na mwenzake. Dogo ananiuliza baba tumegonga nini. Tungekuwa tumeshika lami ya Chalinze usiku na 100 huu uzi angeuandika mtu mwingine.

Madogo wa bodaboda walinisaidia kuisukuma pembeni, bredauni elfu 80, nikaipeleka kwa mzee mmoja Mbezi nilielekezwa na jirani. Huyu mzee haongei. Akalala chini dakika kumi, akatoka na kipande cha bolti akakiweka kwenye kiganja changu, akasema "angalia mwenyewe baba".

Wakuu, ule mkato. Nusu yake ulikuwa na kutu, rangi ya kahawia, na vimistari mistari kama vile mawimbi yanavyochora mchanga. Nusu nyingine inang'aa kama imekatwa leo. Mzee akanieleza, hiyo yenye kutu ilishapasuka siku nyingi, ilikuwa inajikata kidogo kidogo kila ukipita shimo, hiyo inayong'aa ndio ilikuwa inakubebea mtoto.

Halafu akanionyesha kichwa. Hakina namba. Bolti za kazi nzito kichwani zina namba, 8.8, 10.9, na nyingi za Toyota zina namba moja tu kama 8 au 9 au 11. Hiyo namba ya mwanzo ya 10.9 ukizidisha na mia unapata nguvu ya kuivuta mpaka ikatike, megapaskali 1,000 hivi. Hii ya kwangu ilikuwa kipara, bolti ya geti, ya duka la vifaa vya ujenzi, na kichwa chake ni kikubwa kuliko cha mwenzake wa kulia, yaani kipofu angegusa angejua hizi si ndugu.

Subiri, bado. Hiyo bolti inaingia kwenye nati iliyochomelewa ndani ya krosimemba (chuma kikubwa cha chini ya injini kinachobeba kontroli amu), huioni wala huishiki. Meno ya nati hiyo ni membamba, unene milimita 14 kwa hatua (jino mpaka jino) ya milimita 1.5. Bolti za kawaida za ujenzi za 14 hatua yake ni 2. Haziingiliani hata kwa dua! Sasa yule bwana alivyoona inagoma akailazimisha na spana na bomba, yakashika meno manne tu, mengine yakasagika, halafu ili isilegee akaipiga nukta mbili za welding kichwani akapaka rangi nyeusi. Rangi! Yaani muda wa kupaka rangi alikuwa nao ila muda wa kunipigia simu hakuwa nao.

Na bolti halisi ya Toyota ilivyokatika pia najua, kwa sababu mzee alikuta kisiki cha bolti ya mwanzo humo ndani, kimesukumiwa mbele. Bushi ina bomba la chuma katikati, miaka ikienda na hizi mvua na chumvi ya bahari bolti na bomba vinaota kutu vinakuwa kitu kimoja. Ukishika tu mashine ya upepo ya kufungulia bolti ukaipiga, kichwa kinakatika. Inatokea. Wala hapo simlaumu, hata fundi mzuri inamtokea, unaloweka na WD-40 tangu jana yake, unapasha moto na gesi, unaenda mbele na nyuma taratibu, na bado siku nyingine inakatika. Ninachouliza ni kimoja: kwanini hukuniambia? Ungesema "boss bolti imekatika, tafuta nyingine, gari inalala hapa" ningenuna, ningepanda daladala, basi.

Kuitoa sasa ndio mziki. Mzee alichomelea nati juu ya kisiki, akaacha ikapoa kutoka nyekundu mpaka ikawa ya kushikika, akazungusha robo, akarudisha, robo, akarudisha, kikawa kinalia kama mlango wa kaburi. Kikatoka. Ile nati ya ndani ikawa haifai tena, ikabidi akate kidirisha kwenye krosimemba kwa grinda, aingize nati mpya ya daraja linaloendana na bolti, achomelee, afunge kidirisha. Kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 11 jioni.

Mimi nipo Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, natafuta bolti. Duka la kwanza hakuna, la pili wanauza krosimemba nzima yusdi ya Japani na bolti zake laki 3 na nusu, la tatu dogo ananiletea bolti "hii inakaa bro", haina namba! Nikamwonyesha kichwa akacheka. Nikaipata kwenye kopo la mafuta machafu kwa muuza spea mmoja uchochoroni, imechorwa 11, elfu 15. Bolti ya elfu 15 wakuu.

Kitu kingine nilichojifunza, mzee alipachika bolti gari ikiwa juu lakini hakukaza. Akarudisha tairi, akashusha gari chini, akaitikisa ikakaa uzito wake, ndio akakaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) mpaka ikalia tik. Nikamuuliza, akasema bushi ni raba, ukiikaza mguu unaning'inia inajisokota siku ukishusha, mwezi imechanika. Yule wa kwanza alikaza iko juu ya jeki, nilimwona kwa macho yangu nikiwa nakunywa chai.

Jumla bredauni, mzee, bolti, nati na fenda ya kunyoosha, nipo kwenye laki 3 na 70, bado alaimenti nyingine. Nikampigia yule bwana nikiwa mpole kabisa. Anasema "boss bolti kukatika ni kawaida, barabara zetu si unazijua". Nikamtumia picha ya welding na ile rangi. Bluu tiki mbili, kimya. Usiku huu ndio kajibu: "Lete gari boss tuangalie na upande wa kulia, hiyo nakufanyia bure."

Upande wa kulia aliufunga yeye yeye. Mzee kaukagua leo: bolti ni ileile ya Toyota, nzima, ila imelegea, mzee aliizungusha kwa vidole viwili.