Tupeane uzoefu: maktaba ya umma imekufaa nini tangu simu ishike kila kitu?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wanajamvi, salaam. Binti yangu wa kidato cha pili kaniuliza maktaba ni ya kazi gani, ikiwa vitabu vya kiada vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Kweli vimo. Lakini mtihani wangu wa kidato cha sita niliusomea Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi, jengo alilolifungua Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967. Nyumbani tulikuwa watu saba, vyumba viwili, koroboi moja. Pale nilifuata meza, na taa, na saa nne ambazo hakuna wa kunituma dukani. Binti ana simu. Meza bado anagombea na wadogo zake. Nyie wenzangu mna yapi?

Mdau wa Eastlands, Nairobi

Babu yangu alikuwa akipita nje ya maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 enzi za ukoloni, na haingii kwa sababu ni Mwafrika. Alitusimulia hadi anafariki. Leo matawi yake ya Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa na watoto wa mtaa wamejaa ndani. Dada yangu mdogo alikuwa akienda maktaba na hagusi rafu hata moja: alikuwa akijaza fomu za KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, na za mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa kuwa kule saiba, kwenye duka la intaneti, alitozwa kila akikaa. Kuna wanaosema huko si kusoma. Mimi nasema ni kusoma kabisa. Amepata chuo.

Mkutubi, mkoani

Nilisomea ukutubi Bagamoyo, nina miaka 19 kazini. Wengi wanaoingia siku hizi huuliza kwanza soketi iko wapi. Sikasiriki, namwonyesha, kisha namuuliza anatafuta nini.

Kuna mama mkulima wa nyanya alikuja shamba lake likiwa limeliwa na kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Alikuwa ametafuta kwenye simu mpaka bando likaisha. Kila ukurasa Kiingereza, na kila mmoja unamuuzia dawa yake. Tulikaa naye karibu saa nzima. Nilimpatia kijitabu cha Kiswahili, nikamwonyesha video ya mitego, nikampa namba ya bwana shamba wa kata. Msimu uliofuata alirudi na jirani yake. Hiyo saa nzima ndiyo kazi yetu, ndugu zangu, na haionekani kwenye takwimu za vitabu vilivyoazimwa.

Kinachoniuma ni kingine. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ya 1975 inamtaka mchapishaji wa hapa nchini alete maktaba nakala ya anachochapisha, ndiyo maana mtafiti anaweza kufunua magazeti ya zamani yaliyojalidiwa. Sasa gazeti linalotoka mtandaoni tu, au ushairi unaorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, nani anautunza? Niliwahi kumfuata malenga mmoja wa kwetu anikabidhi tungo zake. Simu ilikuwa imeangukia majini wiki iliyotangulia. Miaka sita ya mashairi.

Mdau wa Tanga

Mkutubi, Mungu akulipe kwa huyo mama.

Mimi sioni. Vitabu vya nukta nundu, vile tunavyosoma kwa vidole, ni vizito na vichache, kwa hiyo simu inayosoma kwa sauti imenifungulia dunia. Shida ni vitabu vya Kiswahili vilivyopigwa picha tu: simu inakaa kimya, haioni herufi. Nikiwa chuoni mfanyakazi mmoja wa maktaba alinichapia upya sura tatu, jioni baada ya kazi yake, bila senti. Nikafaulu somo lile.

Mwenye kujua maktaba ya umma iliyo na vitabu vya Kiswahili vinavyosomeka kwa sauti, naomba anielekeze, hata ikiwa ni mkoa wa mbali. Nauli nitatafuta.